Jina la Feza Lilitoka Mfukoni Mwangu

Naomba mnifiche. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Uvira, nina watoto wanne na mume ambaye hajui hata neno moja la haya ninayowaandikia. Majina ya watu nimeyabadilisha. Nimebeba jambo hili tangu wakati wa vita, na sasa kuna mtu amekuja kuniuliza.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi katika farmasi moja ya mji wa Baraka. Mwenye farmasi alikuwa muuguzi mjane, watu walimwita Mama Docta. Wanawake walipoanza kufika kutoka vijiji vya Lubondja na Kilembwe wamebakwa, wengine damu imekaukia miguuni, alichukia kuona wanalazimika kueleza mambo yao mbele ya kila mnunuzi. Akaitengeneza farmasi upya. Alipiga ukuta wa mbao nyuma ya rafu, akafungua mlango wa pili wa kutokea uani, akatandika mkeka. Mwanamke akiomba dawa ya macho, tunajua ni mmoja wao, tunamwingiza nyuma bila swali. Kisha akanikalisha.

"Binti yangu, sikia muzuri. Jina ya mutu haiandikwe. Kijiji yake haiandikwe. Bale batu ya bunduki banarudia bamama benye banasema. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia kweli. Lakini kila mwanamke alihitaji sindano tatu, moja kila juma, na wanawake walikuwa wengi, nikaogopa kumkosesha mtu. Nikaanza kuandika kwa siri katika kaye, daftari dogo nililoliweka mfukoni mwa bluzi yangu nyeupe. Jina, kijiji, sindano ya ngapi. Nilijiona mfanyakazi hodari kumzidi Mama mwenyewe.

Miongoni mwao alikuwa Feza wa kijiji cha Swima, mwanamke wa umri wangu aliyekuwa akiuza samaki. Baada ya sindano ya pili aliniambia polepole, "Ule mukubwa wao mi namujua. Tulisoma naye école moja." Na hilo nikaliandika kando ya jina lake: anamjua mkubwa wao.

Wakaja mchana, watu wanne wenye bunduki. Hata leo sitataja ni wa kundi gani. Mama Docta alisimama mbele ya ukuta wa mbao na kusema nyuma hakuna kitu. Mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia meno yanavunjika. Akaanguka, wakaendelea kumpiga mateke ya mbavu na kichwa mpaka akazimia, kisha wakavunja rafu zote. Kule nyuma siku hiyo hapakuwa na mtu. Wakanigeukia mimi, wakanichania bluzi, na kaye ikaanguka chini.

Mkubwa wao aliiokota akaisoma akiwa amesimama juu ya vipande vya chupa. Alipofika kwa Feza akaurudia mstari ule. Akaniwekea kisu chini ya sikio.

"Nyumba yake iko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia ni nyuma ya pale wanapoanika ndagala, kama Feza mwenyewe alivyonieleza. Akatia kaye mfukoni wakaondoka, na sikio langu lilikuwa limechanika kidogo tu.

Siku tatu baadaye habari ikafika kutoka Swima. Walimtoa Feza ndani ya nyumba, wakamkata kwa panga mlangoni, mama yake akiangalia.

Ndugu zake wakaja Baraka wakiuliza nani aliwauza wanawake. Watu wakamtaja Ruben. Ruben alikuwa Munyamulenge, wa jamii ya wafugaji wasioaminiwa na watu wa kwetu, naye aliuza maziwa. Wenzake walishakimbilia milimani, yeye alibaki kwa sababu mke wake alikuwa wa kwetu na mtoto wao alikuwa bado mdogo. Kila asubuhi alituletea maziwa kwa mlango wa uani, kwa hiyo aliwaona wanawake wakiingia. Kwa watu waliojaa hasira, hiyo ilitosha.

Walimburuta mpaka mbele ya farmasi. Mama Docta alikuwa bado amelala nyumbani, taya limefungwa, hawezi kusema. Kaka yake Feza akaniita nje. "We ulikuwa mule ndani. Ni huyu njo aliwapeleka kwa Feza?"

Ruben akaniangalia. "Sema, dada yangu," alisema. "We unanijua."

Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Wao wakaona nimeitika, na jiwe la kwanza likampiga juu ya jicho. Nilikaa pale mpaka alipoacha kusogea. Mke wake alipita kati ya watu akiwa na mtoto mgongoni, na hakuna aliyemsaidia kubeba maiti ya mumewe.

Mama Docta alipona, na yuko hai, mzee sasa. Bado anafundisha wasichana wanaoanza kazi ya dawa kwamba jina la mtu haliandikwi, na mlango wa nyuma asiuone hata muuza maziwa. Anawaambia kisa cha Ruben kwa nia njema. Nami mara mbili nimekaa kando yake nikiitikia.

Mwezi uliopita mtoto yule wa mgongoni alibisha hodi kwangu. Ni mama sasa, ana watoto. Akasema, "Mama, banasema we ulikuwa pale. Baba yangu alifanya vile kweli?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nyuma, sikuona. Akanishukuru kwa kumpokea, akanywa maji, akaenda.

Nikimwambia, baba yake anasafishwa jina. Lakini ndugu za Feza waliorusha mawe bado wako Baraka, na vita vyenyewe kwetu havijaisha. Naogopa damu nyingine. Mama Docta naye atajua ni mimi niliyeandika majina aliyokataza. Nikinyamaza, binti huyo atazeeka akiamini baba yake alikuwa msaliti.

Ameniachia namba yake. Ninyi mnaosoma haya, ninyi mlio na baba, niambieni: nimpigie?