Ndoa za Jumamosi

Kila nikisikia mkubwa wa kampuni akisema "tunathamini mawazo ya wafanyakazi wetu", damu hunichemka. Nimefanya kazi katika kiwanda kikubwa cha samaki huko Homa Bay, na nimeona kwa macho yangu mawili jinsi wazo linavyothaminiwa.

Mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa letu, hawajui Sabato. Mashua za kisiwa cha Takawiri zikileta samaki Ijumaa jioni, lazima wakatwe minofu na kulazwa kwenye barafu Jumamosi, upende usipende. Lakini nusu ya wakataji wetu walikuwa Wasabato. Jua la Ijumaa likikaribia kuzama, visu vyao vimeshaoshwa, na humpati hata mmoja hadi jua la Jumamosi lizame. Sisi Wakatoliki nasi tulikuwa tunajikokota kazini Jumapili baada ya misa, saa sita hiyo, na viatu vya kanisani miguuni. Samaki walilegea, na maonyo yakamiminika.

Aliyekuwa hatarini zaidi ni mama mmoja niliyekuwa nakata naye meza moja. Aliolewa Homa Bay lakini kwao ni Uriri, kwa hivyo sote tulimwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri. Alikuwa Msabato kamili, wa kutowasha hata jiko siku hiyo. Alikuwa ameshaonywa mara mbili kwa kukosa Jumamosi. Onyo la tatu ni kufutwa, na watoto wake walikuwa wanasoma kwa mshahara ule ule.

Siku moja tukila mchana alitukusanya sote.

"Nyinyi Wakatoliki hamtaki Jumapili," akasema. "Sisi hatutaki Jumamosi. Sasa yawa, jamani, tunagombania nini?"

Akatupanga wawili wawili, Msabato kwa Mkatoliki, mmoja ashike Jumamosi na mwenzake Jumapili. Mimi nikaangukia kwake. Haikuchukua muda kiwanda kizima kikaanza kuita mpango ule ndoa. Ukitaka kumtafuta mtu, unauliza, "Mke wake wa Jumapili yuko wapi?" Mume halisi wa Nyar Uriri alinikuta langoni siku moja akanidai ng'ombe wake wote wa mahari, tukacheka mpaka askari wa lango akatoka kuangalia kuna nini. Samaki wakaacha kulegea. Hakuna mkubwa aliyeuliza kwa nini.

Kisha wakashuka watu wa makao makuu kutoka Nairobi na kampeni ya ubunifu. Tukagawiwa kofia zilizoandikwa "Mimi ni Mbunifu". Tukaambiwa kila mmoja aseme wazo lake bila woga, kwa maana kampuni ni yetu sote. Nyar Uriri akasimama na aproni yake akaeleza zile ndoa zetu tangu mwanzo hadi mwisho. Wageni walipiga makofi. Baadaye tukatangaziwa kwamba wazo lake ndilo bora katika kampuni nzima, na kwamba atakabidhiwa tuzo katika hoteli moja kando ya ziwa, siku ya Jumamosi.

Narudia: Jumamosi. Watu waliotoka kulipigia makofi wazo ambalo maana yake yote ni kwamba mama huyu haji kazini Jumamosi, ndio hao hao waliomwita Jumamosi. Mpaka leo sijui kama ni ujinga au ni dharau, na sioni tofauti.

Alikwenda kwa meneja wetu kwa adabu zote. Nilimsindikiza.

"Bosi, hiyo siku mimi niko kanisa. Siwezi kupewa Jumapili?"

"Mama, program imeshapangwa. Si ni siku moja tu? Mungu ataelewa."

"Yeye ataelewa, bosi. Wewe je?"

Meneja akacheka, akatuonyesha mlango.

Hakwenda. Sisi wa zamu ya Jumamosi tuliambiwa tuweke visu chini asubuhi ile ili tukajaze viti. Meneja akapanda jukwaani akapokea tuzo, na alipofika katikati ya hotuba yake wazo lilikuwa limeshakuwa la "mimi na timu yangu". Nilitazama kushoto na kulia nione kama kuna atakayeguna. Watu walikuwa wanapiga makofi. Niliiacha sahani yangu ya pilau pale pale mezani nikatoka nje, nikakaa peke yangu hadi hafla ikaisha.

Jumatatu Nyar Uriri aliitwa ofisini. Akaambiwa hafla ilikuwa ya lazima, na kukosa shughuli ya lazima ni utoro. Hilo likawa onyo la tatu. Mama wa watu alifutwa kazi kwa sababu hakuja kupongezwa.

Wazo lenyewe hawakulitupa. Walisema wameliboresha. Kompyuta ya Nairobi ikaanza kutupangia zamu kwa usawa, zikizunguka kila wiki, bila kuuliza mtu anasali siku gani. Ndoa zote zikavunjwa. Nyar Uriri akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, Jumapili hadi Ijumaa.

Jumamosi moja, baada ya miezi kadhaa, mbuta walikuwa wamerundikana hadi mlangoni, barafu inayeyuka, na nusu ya meza hazina mtu. Meneja akaja mbio, ile kofia ya kampeni kichwani.

"Omera, ndugu yangu, wewe si ulikuwa unafanya na yule mama wa Uriri? Mpigie saa hii. Muulize alikuwa anapanga watu aje."

Sikuinua macho kutoka kwa samaki wangu.

"Leo ni Sabato, bosi. Simu amezima."

"Basi mpigie kesho, ukikuja job."

"Kesho mimi niko misa."