Jiwe la Mizani la Mavyaa

Mwanangu Saumu, jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba maneno mengine ya kitabu cha Kiingereza hayana kazi hapa kwetu Mnarani. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na sufuria motoni. Leo kaa hapa unisikilize. Kuna alasiri moja ambayo hata sasa nikiisimulia moyo hunienda mbio, na wewe ulikuwemo, ingawa ulikuwa hujaota hata jino.

Mimi sikubahatika kwenda shule nikiwa mdogo. Nilisoma gumbaru, masomo ya watu wazima, nikiwa tayari nimeolewa na nimekuzaa wewe. Kila alasiri nikishasali nilikuacha na mavyaa wangu, yaani nyanyako, nikashika njia ya darasani.

Nyanyako alikuwa akinunua korosho kwa wakulima, anazikaanga na kuziuza. Mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, ya sahani mbili. Jiwe lake moja la kupimia lilipotea, akaweka badala yake chuma ambacho marehemu babu yako alikiokota alipokuwa akifyeka shamba. Kilikuwa cha mviringo, kinajaa kiganja, kina magamba kama tunda la tomoko, na juu kina mkono mwembamba na kipete cha waya. Mimi mwenyewe nilikipangusa kila asubuhi. Tulikizoea kama kinu na mchi.

Basi mkulima mmoja akalalamika kwamba jiwe lile limezidi uzito, linamlia korosho zake. Nyanyako hakupata raha. Ni mtu wa sala, na kupunja vipimo kwake ni sawa na kula makaa. Akasema, "Nitakipeleka kwa Fundi Karisa akikate hicho kipete na huo mkono, uzito utakaa sawa." Siku ile natoka kwenda darasani, amekubeba mbeleko, akanichekea mlangoni.

"Haya, Mama Saumu, ukirudi utuambie ndizi kwa Kizungu huitwaje. Sisi wenzako tunakwenda kutengeneza mizani."

Mwalimu wetu, Mwalimu Dama, alikuwa na desturi yake. Kila siku alichukua neno moja gazetini. Tulijifunza maana yake, tukalitungia sentensi, kisha kila mtu alipeleke nyumbani na alitumie kabla ya kulala. Siku ile neno lilikuwa *grenade*.

"Ni guruneti," akasema, huku akichora ubaoni. "Si kila bomu Waingereza huliita hivi. Hili ni lile dogo, la kushikwa kwa mkono mmoja na kurushwa. Hukaa limelala hata miaka, mpaka ile pini yake yenye kipete ichomolewe." Akaandika na sentensi ya mfano: *Do not pull the pin*, usichomoe pini. "Mama Saumu, tutungie yako."

Nikainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu. Hilo ni neno la kumwaga damu. Mimi nina udhu wangu, sitaki kulitia kinywani."

Mmoja nyuma akasema, "Jamani, ustadha amefika." Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alikuja mpaka mezani pangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, udhu hauvunjwi na neno. Mungu amekupa macho, nawe unayalaza. Tazama ubao, kisha uniambie dhambi iko wapi."

Nikatazama. Saumu, niliona mviringo. Niliona magamba ya tomoko, mkono mwembamba, na kipete.

Niliinuka kiti kikaanguka. Mwalimu aliniangalia usoni mara moja tu akauliza, "Liko wapi?"

"Kwa Fundi Karisa. Na mtoto wangu yuko huko."

Nilikimbia. Kandambili zikabaki njiani, buibui nimelikusanya mkononi, watu wananiuliza nani amekufa. Kila nyundo niliyoisikia kutoka upande ule nilidhani ndiyo ya mwisho. Nilipofika kwenye kibanda nikawaona. Nyanyako amekaa kwenye kigoda, wewe uko mapajani unatafuna ncha ya leso. Fundi amekibana chuma kwenye vaisi, na koleo limeshakishika kipete.

Pumzi ilikuwa imeniishia. Nilipofungua kinywa kilitoka kile cha ubaoni, kwa Kizungu chake vilevile: "*Do not pull the pin!*"

Fundi akasita, akacheka. "Mama, mkaza mwanao kapandwa na Kizungu."

"Nami nilimwambia atuletee cha ndizi," nyanyako akamjibu.

"Fundi, achia koleo," nikasema. "Hilo ni guruneti. Ukichomoa hicho kipete hatoki mtu hapa."

"Nani kakwambia?"

"Limechorwa ubaoni sasa hivi, na kipete chake."

Kicheko kikakatika. Akakitazama kile chuma kama anakiona leo. Akafungua koleo polepole, jasho likimdondoka kidevuni, akarudi nyuma. Nyanyako akakuweka wewe kifuani pangu.

Mwalimu alikuwa ameshawaita polisi. Wakaja wataalamu, wakalipeleka kwenye machimbo ya mawe yasiyotumika tena, na jioni ile tukasikia mshindo. Bati lilitikisika, korosho zikaruka kwenye ungo. Nyanyako akashika tama. "Astaghfirullah," akasema, "na mimi nilikuwa nikiwapimia watu."

Kesho yake alasiri nilimkuta mlangoni amejitanda leso mpya. "Twende," akaniambia. "Ila nikae mbele, mimi mbali sioni."

Basi mwanangu, usichague maneno kwa uzuri wake. Neno likikuchukiza, ndilo uliulizie zaidi: ni kitu gani, kinafanya nini, ukikikuta ufanyeje. Kisha lipeleke nyumbani, uwaambie hata wanaokucheka. Na chuma usichokijua usikiguse, waite wanaokijua.

Mola akupe macho ya kutazama na moyo usioona haya kuuliza. Akukinge na unayoyajua na usiyoyajua, na kila utokapo kwenda kusoma, akurejeshe uwakute uwapendao wazima, kama nilivyokukuta wewe. Amin.