Mkono wa Mjomba Ndani ya Kompyuta

Saa mbili kasoro asubuhi, karakana ya kutia koki nikeli, madini ya kung'aa, bado haijachangamka, lakini Rangirangi ameshainamia kompyuta yake. Kwenye kioo kuna koki ya bafuni iliyozungukwa na mistari ya buluu na nyekundu. Anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haubanduki kwenye kipanya.

"Nyekundu ni pale maji yanapokwenda mbio," anasema bila kugeuka. "Buluu yamelala. Maji yakilala nikeli haifiki, na koki inabambuka kabla mwenye nyumba hajaizoea."

Jina la Rangirangi amebandikwa na wenzake kwa sababu ya michoro hiyo. Ana miaka thelathini na miwili. Kazi yake ni kukadiria kwa kompyuta jinsi maji ya nikeli yanavyotiririka ndani ya tangi, na jinsi chembe za nikeli zinavyosafiri humo umeme ukiwashwa, hadi zigande juu ya chuma. Kuieleza kazi hiyo mbele za watu ni mtihani. "Nikisema nachora maji, wananionea huruma."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao yuko mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye ameshika tangi namba tatu kwa miaka ishirini na sita. Ndiye aliyemsomesha. Mwaka jana tangi hilo lilianza kumtia aibu: katika kila koki mia, thelathini na moja zilirudishwa na wateja, zimebambuka kwenye kona ya ndani. Mwenye karakana akatoa miezi miwili. Mambo yasipotengemaa, tangi lifungwe na mzee aende nyumbani.

Rangirangi akalivalia njuga. Akapima kasi ya pampu, joto la maji, nguvu ya umeme. Kompyuta ikamjibu kwamba kona ile isingeweza kupata nikeli ya kutosha, hata katika miaka ile ambayo hakuna koki iliyorudi. Akarudia hesabu mara tisa. Akaanza kuishuku kompyuta, kisha walimu wake, kisha akili yake mwenyewe.

"Nikamuuliza, 'Mjomba, kuna kitu unafanya ambacho sijaandika?' Akaniambia, 'Mwanangu, mimi nimesimama tu.'"

Na kweli, kila alipokwenda na daftari alimkuta mjomba amesimama, mikono nyuma, kama mgeni rasmi.

Wiki ya sita alikwenda bila daftari, kumpelekea mjomba dawa ya kuchua aliyoisahau nyumbani. Akamkuta ameshika fremu iliyotundikwa koki, anaitikisa ndani ya maji kwa mkono wa kushoto. Mbele, nyuma, kisha anapumzika.

"Nilisimama mlangoni nikalia," anasema. "Miaka yote hiyo tulikuwa tunaisifu pampu."

Kumbe bega la kulia lilikuwa limeanza kugoma mwaka jana, wakati uleule koki zilipoanza kurudi. Mkono wa kushoto ulijitahidi, lakini haukuwa na mwendo wa mwenzake.

Mjomba, mwenye miaka sitini na mmoja, akiulizwa leo huinamisha uso na kucheka. "Kibao pale ukutani kinasema fremu isiguswe. Mimi naitikisa tangu nina nguvu zangu. Sasa mtoto kaja na hesabu zake, nikaona nitamvurugia. Akija, naacha."

Kwa mapenzi yake, basi, alimfichia jibu. Mkewe hana simile naye: "Bega kaficha, kutikisa kaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemwambia mara ngapi?"

Rangirangi akamwomba mjomba aonyeshe mwendo wa zamani wa mkono wa kulia, akampima kama anavyopima pampu. Shibiri moja kwenda, shibiri moja kurudi, mara tatu, halafu pumziko la kuhesabu hadi nne. Karibu na chuma, anaeleza, hubaki utando mwembamba wa maji yasiyosogea. Nikeli ikiisha humo, nyingine huchelewa kupenya. Mtikiso ule ndio unaouchana utando huo kwenye kona. Kompyuta ilikokotoa siku mbili nzima, na ile kona ya buluu ikatoka nyekundu.

Fundi umeme akafunga mota ya waipa, kile kifuta kioo cha gari, juu ya tangi, itikise vilevile. Mwezi uliofuata zilirudi koki mbili katika mia, na tangi halikufungwa. Mjomba aliitazama mota hiyo kutwa, akatoa hukumu: "Haina maringo, ila inafanya kazi."

Daktari anasema bega litapona likipumzishwa, lakini fremu asiishike tena. Rangirangi anataka sasa kuyapima matangi mengine manne, kila moja na mtu wake na siri yake, na anataka kuyapima pamoja na mjomba. Mzee alikataa kwanza.

"Michoro yako mimi siwezi kuisoma."

"Kusoma nitasoma mimi. Wewe uniambie nimekosea wapi."

Mwenye karakana amekubali wajaribu mwaka mmoja, katika chumba kimoja. Mjomba ameomba kitu kimoja tu: kiti chenye mahali pa kuegemeza mkono.