Hadithi ya Mchana

Ukitaka kusukwa haraka hapa mtaa wa Langas, Eldoret, usiende kwa Kavetsa. Kwake utakaa mpaka miguu ife ganzi, na utakapoinuka shingo itakuwa bado inakusisimka, kwa sababu atakuwa amekusimulia kitabu kizima. Mikono yake inajua kazi, sikatai, lakini mdomo ndio unaoleta wateja. Hununua riwaya za Kiingereza zilizochakaa kwa wauza vitabu vikuukuu mjini, za kutisha na za nchi ambazo hazipo, anazisoma jioni, na kesho yake anazimwaga kwa Kiswahili juu ya kichwa cha mtu. Wateja humsikiliza wakiwa kwenye kiti kimoja cha mbao ambacho hulia kila mtu anapokikalia.

Nao si watu wa kunyamaza. Apondi, muuguzi, alikuwa akibishana naye kama wakili. Kuna riwaya moja ya nchi ambako mvua hunyesha kwenda juu, na akina mama huwafunga watoto kwenye vigingi wasije wakabebwa. Apondi aliisifu wiki nzima. Kavetsa alisema ni uongo mtamu lakini hautishi, maana mvua unaiona ikija, unajifunga. Kinachotisha ni kitu kinachokuja bila wingu. Nekoye wa mboga hakuwahi kusoma hata ukurasa, lakini ndiye aliyetoa hukumu. Katika kila kitabu, alisema, kuna mjinga mmoja anayefungua mlango, na huyo hawezi kuwa Mbukusu kama yeye.

Jambo moja Kavetsa hakuwahi kuwaambia. Kwao Maragoli, alipokuwa mdogo, mama yake alimkataza kusimulia hadithi jua likiwa juu. Anayesimulia mchana mama yake hufa, ndivyo alivyoambiwa, na aliogopa hilo kuliko fimbo. Baadaye alikua, akaja Eldoret, akaolewa, akaachika, akafungua saluni ya mabati. Miaka yote hiyo alisimulia mchana kweupe, na mama yake yuko kijijini anapalilia mahindi, mzima kama chuma. Kavetsa akajicheka kwamba aliwahi kuamini.

Kisha Juni, baridi ikiwa kali, mama akaletwa kwake amekonda, tumbo limevimba. Hospitalini madaktari walimpima, wakamvuta Kavetsa kando na kumwambia kwa upole ampeleke mama nyumbani, ampe dawa za maumivu na chochote anachopenda kula. Akamtandikia godoro kwenye pembe ya saluni, amwone akiwa kazini. Na tangu siku hiyo akafunga mdomo.

Alikuwa amekatiza riwaya katikati, na si riwaya yoyote. Ni ile ya familia ya shambani inayotembelewa na mtu asiyeomba kitu. Siku ya kwanza anaonekana mwisho wa barabara, amesimama tu. Kesho yake amesogea. Hakuna anayemwona ila mkubwa wa nyumba, na kila siku anasogea kidogo. Nekoye aliuliza yule mtu amefika wapi, akaambiwa kitabu kimepotea. Kilikuwa chini ya taulo. Kavetsa aliendelea kukisoma peke yake jioni, kwa sababu hakuweza kuacha, na moyo ulimsuta.

Adhuhuri moja alikuwa akimsuka Apondi, hakuna mwingine. Mama, ambaye walidhani amelala, akafungua macho.

"Yule mtu amefika wapi?"

Kavetsa alidhani anauliza juu ya mteja. "Mtu gani, mama?"

"Wa koti ya kijivu, ile imekosa kifungo ya juu. Jana alikuwa pale kwa posho mill ya kusaga mahindi. Leo amevuka barabara."

Vidole vya Kavetsa viliganda ndani ya nywele. Koti hilo la kijivu lenye kifungo kilichong'oka lilikuwa kitabuni, katika sura aliyoisoma jana yake jioni. Hakuwa amemwambia mtu. Apondi hakuwahi kukishika kitabu chenyewe, na mama hakujua Kiingereza. Kavetsa na Apondi waligeuka kutazama nje. Kulikuwa na matope, kuku, na mwendesha bodaboda akifuta kiti cha pikipiki yake. Apondi alisema kwa sauti ya kazini kwamba dawa za maumivu humfanya mgonjwa aone mengi. Kavetsa akakubali haraka, kisha Apondi alipoondoka akatundika pazia zito mlangoni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na yeye ndiye aliyelisema, tena mchana.

"Hii pazia ni ya nini?" mama akamuuliza siku iliyofuata. "Anatuona tu."

Siku hiyo mama hakutaka uji. Alitaka kusukwa, yeye ambaye maisha yake yote alifunga kitambaa. Kavetsa akaketi nyuma yake kwenye godoro, akamwegemeza kifuani, akaanza kugawa zile nywele nyeupe, nyepesi kama za mtoto.

"Na umalize ile kitabu," mama akasema.

"Mama, ni mchana."

"Najua ni mchana."

"Wewe ndio ulinikataza."

Kavetsa akamaliza mstari mmoja. Kisha mama akasema kwamba alimkataza kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kusimulia mchana. Mama yake, nyanya yake Kavetsa, alikuwa amelala hivi hivi, jua liko hivi hivi, akamwomba ile hadithi ya zimwi yote, asiache mwisho.

"Na ukamwambia?"

"Alikuwa amechoka, Kavetsa."

Hapo Kavetsa alilia, machozi yakadondoka kwenye mistari aliyokwisha kusuka, na mama akamwacha alie. Alitaka kusema kitabu kimepotea, kama alivyomdanganya Nekoye. Lakini mgongo wa mama ulikuwa umemwegemea, mifupa mitupu, na aliusikia ukitafuta pumzi. Akaanza kusimulia. Alisema jinsi familia ile ilivyopigilia mbao madirishani, jinsi mgeni alivyofika kizingitini na kusimama bila kubisha, siku baada ya siku, nyumba ikiingia baridi, na mkubwa wa nyumba akimtazama kupitia ufa. Mwishowe mkubwa wa nyumba akainuka, akafungua mlango mwenyewe, na kitabu kikaishia hapo.

Alingoja mama aseme ni mjinga, kama Nekoye angesema.

"Hiyo kitabu ni mbaya," mama akasema. "Mtu ametembea mbali hivyo, na hakuna hata mmoja wa kumwambia karibu. Watu gani hao?" Akavuta pumzi. "Huyu wetu pia umemsimamisha. Mpe kiti."

Kavetsa alimlaza mama juu ya mto, akaenda mlangoni, akaliondoa pazia. Nje kulikuwa na matope na kuku. Akakivuta kiti cha wateja mpaka kizingitini, akakielekeza ndani, akasema karibu, kama alivyolelewa. Kisha akarudi godoroni, akamwegemeza mama tena kifuani. Ulikuwa umebaki mstari mmoja nyuma ya sikio.

Aliushika. Nyuma yake kiti kililia, kama kinavyolia mteja mzito anapokaa. Mama akageuza uso kidogo, akatabasamu kuelekea huko, kama mtu anayesalimia. Kavetsa hakugeuka. Aliendelea kuusuka ule mstari wa mwisho, polepole kuliko alivyowahi kumsuka mtu yeyote.