Moto Ndani ya Kopo

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo utoto wangu. Nyumba yetu ya Murusagamba ilinuka hivyo kila jioni, mama alipobeba koroboi kutoka jikoni hadi nyumba kubwa, kiganja chake kikiukinga moto na upepo. Msimu mmoja wa kuvuna maharage, kaka yangu Deo alirudi kutoka sekondari akiwa na kifua kibovu. Hakuweza kwenda shambani, nami nikaachiwa kazi ya kukaa naye. Ndege ilipopita juu, ndogo kama sindano, alinieleza kwamba injini ya jeti humeza hewa mbele, huibana, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitema nyuma kwa nguvu, na kwamba mafuta hayo ni ndugu wa haya ya koroboi. Tukaanza kuunda yetu: kopo la mafuta ya kula lililokatwa pande zote mbili, utambi ndani, na pampu ya baiskeli. Mimi nilipiga pampu, yeye alitazama moto.

Ulizimika. Kila nilipopiga, ulizimika. "Deo, hayo mafuta ni ya taa," mama alisema huku akipepeta maharage. "Mama, na ndege inakunywa haya haya." "Basi ikipita mwambie rubani aturudishie yetu." Deo alicheka hadi akakohoa, na kikohozi hakikukoma upesi. Alitaka kitu kimoja tu: kuuona moto ukistahimili upepo, hata mara moja, kabla hajapelekwa hospitali. Hakuuona. Asubuhi ya safari walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na baba, amefunikwa blanketi. Akaniambia, "Usilitupe kopo. Nikirudi tunaendelea." Alirudishwa kwa gari, na watu walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi mgombani.

Sasa nimemzidi Deo umri. Habari za injini nimejifunza peke yangu, kwa simu na vitabu vya kuazima, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, naogopa kukosea; aya hii nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi mno. Nilisoma kwamba waliounda injini za kwanza za jeti walisumbuliwa na jambo lile lile: hewa iliingia kwa kasi, moto ukazimika. Wakauzungushia bati lenye matundu madogo, hewa ikaufikia polepole. Nilipofika hapo nililia, maana kiganja cha mama kilipita mbele yetu kila jioni na hatukukitazama. Wiki iliyopita nilitoboa kopo jipya. Mafuta ya taa nilihangaika kuyapata, kwa sababu kijiji kizima siku hizi kinatumia taa za sola, zisizonuka wala kuogopa upepo. Nikapiga pampu. Moto ukainama, ukainuka. Mama akaisikia ile harufu, akatoka, akasimama mlangoni. "Wewe unapiga pampu," alisema. "Anayetazama ni nani?" Nikaendelea kupiga. Akaja akaketi pale alipokuwa akiketi Deo, akauwekea moto kiganja kwa mazoea, ingawa safari hii haukukihitaji.