Zebaki kwenye Saa ya Harusi

Mwanangu, niliipaka zebaki saa ya babu yangu. Naanza na hilo, maana ukilisikia kwa binamu yangu Masanja atakuongezea kwamba nililia, na mimi sikulia, niliingiwa na vumbi machoni.

Usicheke ninavyokuita mwanangu. Mimi niko kidato cha nne, wewe juzi tu umeripoti kidato cha kwanza na sare inayokumeza. Kwa hesabu za shule mimi ni mzee wa ukoo. Nimekuona pale sokoni unavyozikodolea macho saa za zamani, na kwa kuwa shuleni simu hairuhusiwi, najua saa utatafuta tu. Kaa hapo nikueleze.

Siku hiyo ninaiona kama jana. Nilikuwa nimefaulu kuingia kidato cha tatu. Kwetu ni Mwakitolyo, na babu na bibi tunaishi nao ua mmoja. Babu alikuwa akipima pamba zamani, na kila msimu ulipomwendea vizuri alijinunulia saa. Zilikuwa zimebaki tatu ndani ya kopo la maziwa: moja ya chuma inayong'aa, moja kubwa yenye uso mweusi, na moja nyembamba ya rangi ya dhahabu aliyoivaa siku ya harusi yake.

"Chagua moja," akaniambia. "Ukishachagua hubadilishi. Zinazobaki ni za kina Masanja."

Akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe, akaniachia kopo. Hapo ndipo babu alipokosea.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu machimboni kitu kikimeremeta hakuna anayeuliza kama ni kizuri. Tunauliza kama kinashika zebaki. Mama yangu anaosha mchanga wa dhahabu, na zebaki yake, yale majimaji mazito yanayokamata chembe za dhahabu, huiweka kwenye kichupa juu ya kabati. Alishatukataza kuigusa, ni sumu. Nikapanda juu ya kigoda.

Tone moja tu, nikalisugua kwa kitambaa kwenye ile saa ya harusi. Ikashika. Mwanangu, nilicheza. Dhahabu kweli! Kichwani nilishakuwa tajiri, nashuka kwenye ndege pale uwanja wa Ibadakuli na miwani myeusi, walimu wananipokea begi. Nilipoitazama tena, upande mzima ulikuwa mweupe kama tumbo la sato. Nikasugua weupe uondoke, ukahamia na upande wa pili. Kumbe dhahabu yenyewe ilikuwa ngozi tu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na zebaki ilikuwa imeimeza.

Masanja alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Umeifanya sufuria," akasema. "Mimi nataka ile ya chuma, we baki na kijiko chako."

"Ikikauka rangi itarudi."

"Itarudi? Kwani imesafiri?"

Ningeweza kuitumbukiza kwenye kopo, nikachagua ya chuma, na lawama zikampata mwingine. Ningependa kukuambia kwamba ni uaminifu ulionizuia. Ni Masanja na mdomo wake. Basi nikaipeleka kwa babu mwenyewe, nikitembea polepole, maana alikuwa akiipangusa kila Jumapili kabla ya misa na hakuwahi kumwazima mtu.

Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ng'wanawane, mwanangu, ulikuwa unachagua saa au unanunua madini?"

"Nilikuwa napima, babu."

"Umepima. Imekwambia ni saa ngapi?"

Kisha akageuka akamwita bibi; kwa ule utani wa babu na mjukuu, babu humwita bibi mke wetu. "Mke wetu, njoo uone. Huyu mumeo mdogo ameiotesha mvi saa ya harusi."

Bibi akaja na mwiko mkononi, akaitazama. "Afadhali," akasema. "Ilikuwa inajifanya kijana, sisi tunazeeka peke yetu."

Babu akacheka mpaka akashika mti wa zizi. Alipopata pumzi akasema kwamba kuchagua bado sijachagua, nifunge macho nitumie sikio.

Nikazitia ufunguo moja moja. Ile ya chuma ilikimbia kidogo ikanyamaza. Ile nyeusi ilitembea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Ile ya mvi ilikwenda sawasawa, taratibu, kama bibi anavyopepeta mchele. Nikaichagua hiyo hiyo. Masanja akarukia ya chuma, na mpaka leo anasema ni nzuri, ila inapatia mara mbili kwa siku.

Sasa sikia, mwanangu. Saa yako ya kwanza ya zamani isikilize kabla ya kuiangalia. Itie ufunguo kwa vidole viwili, na ikikukatalia usiilazimishe, si kifuniko cha soda hicho. Kioo kuchubuka si ugonjwa. Muulize muuzaji kama ataruhusu uivae huku unazunguka soko, kisha uilinganishe na redio yake. Akikunja sura, rudisha, aga, ondoka. Na kama ina mwenyewe aliyeivaa, muulize ilimpeleka wapi, maana hilo huwezi kuligundua kwa kusugua. Rangi ya dhahabu iache iwe ya mwisho. Zebaki, mwanangu, usiiguse kabisa.

Mungu akujalie saa inayotembea, mkono ulionenepa wa kuivaa, na mahali pazuri pa kuwahi. Akuepushe na binamu wa kusimama mlangoni. Na siku utakapomvalisha mwingine, iwe bado inapiga.

Jioni ile mama aliporudi nilimnyooshea mkono wenye saa, nikamwambia yote kabla Masanja hajafika. Akaushika mkono wangu, akautazama, na hiki ndicho alichosema: "Imekupendeza, baba. Sasa ivue uiweke kwenye kopo mpaka fundi aisafishe, halafu kanawe mikono kwa sabuni, unawe tena, ndiyo uje uguse ugali wangu."