Mgomba wa Okochi

Kevina wa kijiji cha Masinya alikuwa mke wa mvuvi kwa miaka ishirini na sita, na kila alfajiri aliomba jambo moja tu: Bwana amrudishe Okochi nchi kavu. Na Bwana alimrudisha siku zote kutoka ziwa lao la Viktoria. Kutoka Ziwa Albert hakumrudisha.

Huko Okochi alifuata kazi ya kampuni iliyokuwa ikipima kama chini ya ziwa kuna mafuta na gesi. Meli yao ilivuta waya mrefu wenye vinasa sauti. Mashine ilipiga mshindo majini, mshindo ukashuka hadi kwenye miamba, ukarudi, na waya ukausikiliza. Okochi alitangulia kwa boti ndogo kuwaomba wavuvi watoe nyavu zao njiani.

"Siku hizi mimi ni mchungaji," alimwambia mkewe kwa simu, akicheka. "Wenzangu wanachunga ng'ombe, mimi nachunga nyavu."

Siku moja wavu wa mtu ukajisokota kwenye ule waya. Msimamizi akaamuru ukatwe. Okochi akakataa. Kwao, kukata wavu wa mwenzako ni kuwapokonya watoto wake sahani. Wavu ulionasa hufunguliwa kwa vidole. Akavua koti la kuelea, maana lilimzuia kupita chini ya waya, akazama. Wavu ukaibuka mzima. Yeye hakuibuka. Walimtafuta siku tisa, wakaacha.

Kwa desturi ya nyumbani, aliyepotelea majini huzikiwa mgomba. Hukatwa shina, likavishwa nguo zake, likalazwa kaburini, na baada ya hapo hatafutwi tena. Kaburi la Okochi lilikwishachimbwa. Lakini Kevina alikataa, miezi mitano.

"Mashine inayosikia mafuta ndani ya mawe," alisema, "itakosaje kumwona mtu aliyelala juu ya mawe hayo?"

Bwire, mdogo wa marehemu, alichoka. "Shemeji, sisi nangoja mpaka lini? Mvua najaza shimo, sisi natoa maji. Mvua najaza, sisi natoa."

"Ngojeni majibu ya mashine."

Majibu yaliletwa na Tracy, binti wa Mzee Obbo wa Paya, jirani zao, aliyesomea mambo ya miamba na kufanya kazi melini. Alikuja na mfuko wa Okochi: shati la kitenge, rozari, sindano ya kushonea nyavu. Bwire akamvutia kiti.

"Watu wa Paya mmesoma mpaka mnaongea na mawe! Haya, yamesema nini?"

Tracy hakucheka. "Yamesema hakuna kitu, baba. Pale tulipopima, mafuta yaliwahi kuwepo, lakini mwamba wa juu una nyufa. Yalivuja zamani sana. Kampuni imefunga kazi."

Kevina alimkazia macho. "Mwanangu, mashine yenu inaona mpaka wapi?"

"Kilomita nne chini ya ziwa, mama."

"Na mume wangu?"

Binti aliinama. Kisha akamshika mkono akasema polepole, "Mama, ile mashine inaona vitu vikubwa tu. Kitu kidogo kuliko kanisa lenu hapo, haikioni. Mtu haonekani kabisa. Haikumtafuta hata siku moja. Nisamehe, nilipaswa kuja mapema."

Kevina aliuvuta ule mfuko. Miezi mitano alikuwa amewaombea wenye mashine kwa majina, na meli yao, na waya wao. Akaichukua rozari mfukoni, akaifuta kwa kanga, akaivaa shingoni.

"Na mwenye wavu?" aliuliza.

"Anavua bado. Kila Jumapili anamtaja Okochi kanisani."

"Basi." Kevina akasimama, akachukua panga nyuma ya mlango na lile shati, akaelekea shambani. Bwire akamkimbilia, akaonyesha mgomba wa karibu.

"Huu unatosha, shemeji."

Kevina aliupima kwa macho kutoka chini hadi juu, akatikisa kichwa. "Huo mfupi. Ndugu yako alikuwa akiinama kuingia mlangoni."

Akapita migomba mitatu. Kwenye wa nne akasimama, akaegemeza shati kwenye shina, akaona mabega yanakaa sawa. Akapiga ishara ya msalaba, akainua panga.